Stoo ya viazi Dar: wapi kuna mwinuko, wapi maji yanakuja? Wanaolijua jiji tujuzane

Gunia la Uyole

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo na maharage, niko Uyole hapa Mbeya. Miaka yote nauzia kwa madalali. Nashusha mzigo Dar, dalali anapanga bei, mimi nabaki kusubiri simu. Safari hii nataka kupanga stoo yangu mwenyewe kulekule, mzigo ukifika upumzike, bei ikichangamka ndipo nitoe.

Nimetumiwa picha za sehemu tatu. Ya kwanza iko karibu na Jangwani, kubwa, sakafu ya zege, gari linageuza bila shida, na kodi yake ni rahisi mpaka nashangaa. Ya pili iko Tandale, jirani na soko la nafaka. Ya tatu iko Gongo la Mboto ukielekea Pugu, kodi imechangamka na wateja wako mbali.

Sasa mimi ni mtu wa baridi. Viazi nikiviweka gizani hapa Uyole vinakaa wiki kwa wiki, sina wasiwasi. Joto la Dar nalijua la kupita tu, kushusha mzigo na kugeuza. Anayelijua lile jiji, ardhi yake na hali yake ya hewa, anisaidie kabla sijatuma hela. Hasa hiyo ya Jangwani: kuna nini? Kwenye picha ni tambarare safi, hakuna korongo wala mteremko.

Mnyalu wa Ipogolo

Kamwene mkuu. Jibu lako liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Tambarare safi, katikati ya jiji lenye watu zaidi ya milioni tano, hatua chache kutoka Kariakoo, na hakuna aliyeijaza maghorofa. Wenye pesa wa Dar wote hawajaiona?

Kyela Moja

Nimeweka kiti hapa. Ila viazi na Dar ni ugomvi wa siku nyingi.

Mwalimu wa Tukuyu

Ndaga. Nimefundisha jiografia Dar miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, ngoja nieleze taratibu maana swali ni zuri.

Sisi watu wa huku tumezoea ardhi inayojitangaza. Rungwe ina mita 2,961, utake usitake utauona. Mbeya mjini ukiinua kichwa Loleza uko juu yako. Kwa hiyo mtu wa huku akifika Dar anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anasema hapa pote sawa. Hapo ndipo tunapoingizwa mjini. Dar ina miinuko na mabonde, ila inahesabiwa kwa mita chache, na hizo mita chache ndizo zinazoamua nani atalala na nani atahamisha magodoro usiku.

Ukianzia baharini, kuna miamba ya matumbawe na visiwa vidogo, Mbudya, Bongoyo, Sinda. Halafu ufukwe, na sehemu kama Msasani na Oyster Bay zimekaa juu ya jiwe la matumbawe la zamani. Nyuma yake ni uwanda wa mchanga ambako ndiko kuliko na Kariakoo, Ilala na Temeke. Ukiendelea kuingia ndani nchi inaanza kuinuka polepole: Kimara, Mbezi Luis, na upande wa kusini magharibi vilima vya Pugu na Kisarawe. Ule uwanda wa katikati umekatwa na mito. Msimbazi unatoka huko vilima vya Pugu, unapita Ilala na Jangwani, unamwaga baharini pale daraja la Salenda. Kizinga na Mzinga zinaingia kwenye hori la bandari. Kaskazini kuna Tegeta na Mpiji.

Sasa Jangwani. Zama za barafu, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa zaidi ya mita 100. Mito ya pwani ikachimba mabonde ya kina kuifuata. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi na kuzamisha midomo ya yale mabonde. Moja lililozama ndilo bandari ya Dar: mlango mwembamba pale Magogoni, ukiingia ndani panatanuka kwa kina na utulivu. Ndicho kilichomvuta Sultan Majid wa Zanzibar kujenga hapo miaka ya 1860, na Wajerumani wakahamishia makao yao hapo mwaka 1891 kutoka Bagamoyo. Bonde la Msimbazi lenyewe lilijazwa tope na mchanga uliobebwa na mto, mafuriko baada ya mafuriko.

Kwa hiyo ile tambarare unayoisifia kwenye picha, fundi wake ni mto. Mto ndio ulioisawazisha, na kila ukijaa unarudi kuendelea na kazi.

Gunia la Uyole

Aisee. Mwalimu, hii hakuna dalali aliyeniambia.

Fundi Zege Makambako

Mwalimu umeeleza vizuri ila tusitishane. Jangwani watu wanafanya biashara mpaka leo. Mafuriko ni ya siku chache kwa mwaka. Inua sakafu, weka chaga, panga magunia juu, maji yapite chini yaende zake. Kodi unayookoa ni kubwa kuliko hasara.

Mwalimu wa Tukuyu

Fundi, maji ya Msimbazi hayapiti kwa adabu hivyo. Desemba 2011 mvua ya siku chache iliua watu zaidi ya 40 Dar, wengi wakiwa wakazi wa mabondeni, na serikali ikawapeleka waathirika Mabwepande. Na angalia mwezi: Desemba, ilikuwa vuli, ile mvua tunayoambiwa ni ndogo. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale Jangwani imefurika mara kwa mara, na barabara ya Morogoro hufungwa hapo mvua ikizidi. Hao walikuwa na wahandisi.

Kingine ni bahari yenyewe. Dar maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Sasa piga picha: mvua imenyesha Pugu usiku kucha, mto unashuka na maji yote ya paa, lami na mitaro ya jiji, halafu ukifika Salenda unakuta bahari imejaa. Maji hayana pa kwenda. Yanarudi nyuma na kutanda kwenye tambarare, na tambarare ndiyo Jangwani. Ndiyo maana mvua ileile, siku mbili tofauti, moja inaleta madimbwi na nyingine inaleta mitumbwi. Sisi huku mvua kubwa inatudhuru kwa kasi, maporomoko, madaraja kukatika. Kule inadhuru kwa kukaa.

Chaga ya futi moja haisaidii kitu. Na hata maji yasipofika kwenye gunia, stoo ikishalowa sakafu na kuta, unyevu wake unakaa wiki nyingi. Umepakia maharage hapo, utauza ukungu.

Fundi Zege Makambako

Hoja ya bamvua nimeielewa. Kwenye zege bado nina ubishi wangu, lakini tuendelee.

Mama Makete wa Tandale

Salamu kwenu wote, na shikamoo mwalimu. Mimi mzaliwa wa Makete, naishi Tandale na nauza viazi na maharage Mabibo. Kaka wa Uyole ngoja nikwambie mambo ambayo hayapo kwenye picha.

Tandale soko ni zuri, nafaka inatoka. Lakini kuna Mto Ng'ombe. Mtu akikuonyesha stoo Tandale usiulize kodi kwanza, muulize uko upande gani wa mto na nyumba imeingia maji lini. Halafu usimwamini, nenda kaangalie ukuta. Maji yakishaingia yanaacha mstari wa rangi ya udongo, hata wakipaka chokaa unajitokeza tena. Na angalia mlango: wenye nyumba za mabondeni huku wanajenga kizingiti kirefu cha tofali mlangoni, unavuka kwa kuinua mguu. Ukiona kizingiti kinafika magotini, ondoka.

Sasa viazi. Kaka, Dar si mahali pa kutunza viazi. Ni mahali pa kuuza. Kiazi kiko hai, kinapumua, kikipumua kinatoa joto na jasho. Huko kwetu baridi inakituliza. Huku, mzigo wa Januari ukishushwa, ingiza mkono katikati ya gunia: unakuta pana moto kuliko nje. Baada ya siku chache macho yanachipua, halafu gunia la chini kabisa linaanza kulowa pembeni. Ukiona hilo doa la maji usingoje harufu. Fungua, mwaga lote chini, chambua, maana kiazi kimoja kilichooza kinatoa majimaji yanayoshuka kwa wenzake wote. Na lumbesa inazidisha ubaya. Gunia limeshindiliwa mpaka limeota kichwa, hewa itapita wapi? Ukiweka wazi ili lipate hewa, mwanga unavigeuza viazi kuwa kijani na mteja anakimbia, na ana haki, maana kile kijani kina sumu.

Ushauri wangu: stoo ya viazi unayo tayari, iko Uyole, na baridi yake hulipii umeme. Leta Dar kile kitakachouzika ndani ya wiki. Ya Dar iwe ya maharage na mchele.

Kyela Moja

Mama umemaliza. Kwanza maharage Dar yanaiva upesi, mimi nikifika kwa dada yangu nashangaa mkaa unabaki.

Mwalimu wa Tukuyu

Ni kweli, na si mkaa. Mbeya ina mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Maharage yanachemka mapema ila yanachelewa kuiva. Ukitaka kuuona uzito wa hewa ya Dar kwa macho, maliza chupa ya maji Uyole, ifunge kwa nguvu, iweke kwenye gari. Ukifika Chalinze itakuwa imebonyea mbavu.

Gunia la Uyole

Mama Makete nashukuru sana, umenibadilishia mpango mzima. Basi tuzungumzie maharage. Kwa mwaka, miezi gani ya kuogopa? Huku kwetu najua: mvua inaanza Novemba inaisha Aprili, basi. Dar naona kila mara mtu anasema mvua.

Mwalimu wa Tukuyu

Hiyo tofauti ina sababu. Ukanda wa mvua unalifuata jua. Jua likienda kusini mwishoni mwa mwaka, ukanda unapita Dar ukiteremka, hiyo ndiyo vuli, takriban Oktoba hadi Desemba. Likirudi kaskazini unapita tena, hiyo ndiyo masika, Machi hadi Mei. Sisi tuko kwenye eneo ambalo ukienda na ukirudi hauachi nafasi katikati, kwa hiyo misimu miwili inaungana kuwa mmoja mrefu. Ukisikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa utaona sisi wanatutangazia "mvua za msimu" tu, na pwani ya kaskazini wanatangaziwa vuli na masika. Usisikilize utabiri wa masika ukadhani wanazungumzia Uyole.

Dar kwa mwaka inapata kama milimita 1,100. Si nyingi, Tukuyu hapa tunapita 2,000. Ila Aprili peke yake Dar inaweza kupita 200, tena juu ya lami na mabati, haina pa kunywewa.

Joto: Januari hadi Machi mwanzoni ndiyo balaa. Mchana nyuzi 31 hadi 33, na usiku hazishuki sana, 24 au 25, kwa sababu bahari jirani haipoi. Huku kwetu jua likizama ardhi inaachia joto lote angani, ndiyo maana Julai Mbeya usiku tunashuka chini ya nyuzi 10. Msimu huo wa joto Dar upepo ni kaskazi. Kuanzia Aprili upepo unageuka kuwa kusi, na Juni hadi Agosti hali inakuwa ya kupendeza, usiku unafika nyuzi 18 au 19 na watu wa Dar wanavaa makoti. Usiwacheke.

Kwa maharage hofu kubwa ni unyevu kuliko joto. Maharage yaliyokaushwa vizuri Mbeya yakifika Dar yananyonya unyevu hewani, hasa usiku na alfajiri. Ukungu na fukusi vinaanzia hapo.

Mama Makete wa Tandale

Mwalimu yuko sahihi, na usitandaze magunia yakagusa ukuta. Ukuta wa Dar unatoa jasho alfajiri. Acha njia mtu apite kati ya ukuta na mzigo. Mifuko ile ya ndani isiyopitisha hewa nunua tu, bei yake inarudi. Na ukipata stoo karibu kabisa na bahari, mizani yako ya chuma na kufuli vitaliwa na kutu mpaka ushangae. Mabati nayo hayadumu.

Utingo Mstaafu

Naomba niongee upande wa gari maana mzigo unaharibikia njiani pia. Uyole mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mpaka Mafinga huna tatizo kubwa. Shida ni ukimaliza kushuka Kitonga. Ruaha Mbuyuni hewa inabadilika ghafla, unavua sweta. Ukifunika viazi na turubai la plastiki pande zote mchana wa jua kutoka pale hadi Morogoro, unapika. Funika juu tu, pembeni acha upepo uingie, na pigia hesabu sehemu ya chini ya safari iwe usiku. Mvua ikianza ndipo ushushe turubai, ikikata inua. Utingo mvivu ni hasara kuliko kodi ya stoo.

Kyela Moja

Mwalimu swali moja la pembeni. Vile vimbunga vya baharini navyo tuviogope? Mwaka 2024 tuliambiwa kinakuja.

Mwalimu wa Tukuyu

Hicho kilikuwa Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, kikagusa upande wa Mafia na pwani ya kusini, kikaongeza mvua juu ya ardhi iliyokwisha kulowa kwa El Niño. Aprili 2021 kulikuwa na Jobo, kilipungua nguvu kabla ya kufika. Dar iko nyuzi 7 hivi kusini mwa Ikweta, na vimbunga vinahitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ambayo karibu na Ikweta ni hafifu, kwa hiyo ni nadra. Nadra si kamwe. Lindi ilipigwa vibaya Aprili 1952. Kwa stoo yako, paa lifungwe vizuri, basi. Jambo la kila mwaka ni mto.

Fundi Zege Makambako

Na Gongo la Mboto? Kila mtu anaiponda Jangwani, hakuna aliyesema ya tatu ikoje.

Mama Makete wa Tandale

Gongo la Mboto kuna mwinuko, maji yanatoka huko kuja mabondeni, si kwenda huko. Ubaya wake: upepo wa bahari wa mchana unafika umechoka, kwa hiyo joto la saa nane ni la kweli, lazima stoo iwe na madirisha ya juu pande mbili. Foleni ya barabara ya Nyerere nayo ihesabu. Na hata huko kuna vijito vya kuingia Msimbazi, kwa hiyo usiseme ni Pugu ukajenga imani. Simama mlangoni uulize maji ya jirani wa juu yanapita wapi. Kama yanapita uani kwako, tafuta nyingine.

Maji ya bomba usiyategemee sana. Jiji linakunywa mto Ruvu, ukame ukibana kama Oktoba 2022 mgao unaanza, na walio juu na mbali wanaumia mapema. Kwa maharage si tatizo, kwa mlinzi wako ni tatizo. Weka simtanki.

Gunia la Uyole

Wakuu, nimeamua. Jangwani nimemjibu dalali hapana. Viazi vinabaki Uyole, nitakuwa nashusha fuso mojamoja, moja kwa moja kwa wateja. Gongo la Mboto nitakwenda mwenyewe kuiangalia kwa ajili ya maharage na mchele wa Usangu, na nitakwenda Aprili makusudi, mvua ikiwa kazini, nione maji yanapita wapi. Mwenye nyumba anataka nilipe sasa hivi, ila kama nyumba ni nzuri itamuogopesha nini Aprili?

Swali la mwisho. Chaga nitengeneze Dar au vipi?

Mnyalu wa Ipogolo

Mbao za Dar zinatoka wapi mkuu? Zinatoka kwetu Mafinga. Pita pale zikatwe kwa kipimo cha stoo yako, ziweke chini ya mzigo, zinafika na maharage.

Mama Makete wa Tandale

Mwambie fundi akate za unene, mbao nyembamba huku zinapinda. Na ardhi ya Gongo la Mboto ina mchwa hatari, kwa hiyo miguu ya chaga isimame juu ya tofali. Dawa ya mchwa pigeni kwenye tofali na sakafu, kwenye mbao hapana, hicho ni chakula cha watu.

Gunia la Uyole

Tofali nitapata hukohuko. Ndaga fijo.